Stesheni ya Madina: Jumba la Mawe Meusi Lililojengwa kwa Michango

Msafiri ni maskini, ajapokuwa sultani. Hakuna mtu wa mwambao asiyeijua methali hii. Maana yake ni kwamba aliye njiani, hata awe na mali namna gani, huwa ni mhitaji: ahitaji kivuli, maji ya kunywa na ya kutawadha, pahali pa kuweka mzigo wake na mtu wa kumwonyesha njia. Ndiyo sababu mji wenye adabu hujulikana kwa jinsi ulivyomjengea mgeni. Wazee wetu walijenga mabaraza ya mawe mbele ya nyumba zao na mabirika penye milango ya misikiti. Mataifa yaliyopata reli yalijenga stesheni, na baadhi ya stesheni hizo ni majumba ambayo mtu husimama akayatazama hata kama hana safari.

Leo, ndugu msomaji, tutalizuru mojawapo ya majumba hayo. Haliko Mombasa wala Nairobi, ingawa huko nako tutapita. Liko katika mji ambao kila Mwislamu huutamani, nao ni Madina. Ni stesheni ya zamani ya Reli ya Hijazi, mahali paitwapo Bab al-Anbariya.

MTU WA KILELENGWANI NA STESHENI

Huenda mtu akauliza: mtu wa Kilelengwani na stesheni, wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Kijiji chetu kiko katika delta ya Mto Tana, upande wa Garsen, na tangu kianze hakijasikia king'ora cha gari la moshi. Reli yetu sisi ni mto, na behewa letu ni mtumbwi. Ndani ya mtumbwi huo hupita mpunga, ndizi na maembe, hupita mgonjwa anayepelekwa hospitali, hupita bibi harusi na vyombo vyake, na hupita maiti anayerudishwa kwao kuzikwa.

Hata hivyo, kazi ya kukata ardhi ili safari ifupike si ngeni kwetu. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Mto Ozi, mitumbwi ipate kufika Kau na Kipini bila ya kuzunguka kwa baharini. Mto wenyewe ukaipenda njia ile hata ukahamia humo, na leo maji mengi ya Tana humwagikia baharini kwa upande wa Kipini. Kwa hivyo mtu wa delta akiambiwa kwamba njia iliyochimbwa na watu yaweza kuugeuza ulimwengu wao, haoni ajabu, kwani ameyaona mbele ya mlango wake.

Walio mbali wengi walilisikia jina la Kilelengwani kwa mara ya kwanza Septemba 2012, katika habari za msiba, wakati wa mapigano ya Tana Delta. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa, wa upande huu na wa upande ule. Msiba ule hausahauliki, na mwisho wa makala haya tutaurudia kwa neno moja. Lakini kijiji ni watu, na watu wana mambo mengine pia: wanalima, wanaswali, wanaoza, na wale waliojaaliwa huenda kuhiji.

Hija ya mtu wa delta ni safari ya vyombo vingi. Huanza kwa mtumbwi, kisha gari hadi Garsen, kisha basi la Malindi na Mombasa, ndipo ndege. Akishafika Madina, akamsalimia Bwana Mtume (S.A.W.), akazuru Baqii, Quba na Uhud, hubakiwa na saa moja mbili zisizokuwa na shughuli. Wengi huzimalizia sokoni penye tende na misala. Sisi twasema, saa moja katika hizo aitoe kwenda kuitazama stesheni. Kuizuru si nguzo ya hija wala si sunna ya ziara, wala hakuna thawabu yake maalumu iliyotajwa. Ni mazingatio tu, na mazingatio ni katika mambo tuliyoamrishwa.

NGOZI ZA IDI NA MISHAHARA YA MAKARANI

Kabla ya reli, mahujaji waliotoka upande wa Sham walikuwa wakifuatana na msafara wa ngamia kutoka Damascus hadi Madina. Safari hiyo ilichukua siku 40 hivi. Njiani palikuwa na kiu, maradhi na wanyang'anyi, na wengi waliofunga ihramu za nia nyumbani mwao hawakuiona Madina wala Makka.

Mwaka 1900 Sultani Abdulhamid wa Pili, aliyekuwa mtawala wa dola ya Uthmaniya, alitoa amri ijengwe reli ya kuwachukua mahujaji. Ni kweli kwamba reli hiyo ingemfaa pia kupeleka askari wake Arabuni kwa haraka, na hilo halikuwa siri kwa mtu. Lakini la kustaajabisha ni namna ilivyopatikana fedha. Dola ile ilikuwa na madeni makubwa kwa wenye mabenki wa Ulaya, na reli nyingi zilizokuwa ndani ya mipaka yake zilikuwa mikononi mwa makampuni ya kigeni. Hii aliitaka iwe ya Waislamu wenyewe.

Basi ikapigwa mbiu ya michango. Sultani akatoa kutoka mfukoni mwake, maafisa na makarani wa dola wakakatwa sehemu ya mishahara, na michango ikaja kutoka India, Misri na nchi nyingine za Waislamu. Hata ngozi za wanyama waliochinjwa siku ya Idi zilikusanywa, zikauzwa, na fedha zake zikatiwa katika reli. Michango peke yake haikutosha, na kodi na ushuru maalumu vilitozwa ili kuikamilisha kazi. Hata hivyo yule mjane aliyetoa ngozi ya mbuzi wake alikuwa na haki ya kusema kwamba katika chuma kile kirefu kuna kipande chake.

Kazi ya jembe na nyundo ilifanywa zaidi na askari wa dola, jangwani, katika jua na uhaba wa maji. Mhandisi mkuu alikuwa Mjerumani, Heinrich August Meissner. Lakini sehemu ya mwisho, kutoka Al-Ula hadi Madina, ilishikwa na wahandisi Waislamu, kwa kuwa asiyekuwa Mwislamu hakuruhusiwa kupita huko. Tarehe 1 Septemba 1908 reli ilifunguliwa rasmi Madina. Ilikuwa na urefu wa kilomita 1,300 hivi kutoka Damascus, na safari ya siku 40 ikawa ya siku tatu au nne.

Husimuliwa pia kwamba karibu na mji vyuma vya reli vilitandikiwa sufu nzito, ili mtetemo na kelele za gari zisiusumbue mji alikolala Mtume. Sisi hatukushuhudia, bali kisa hiki hupendwa sana na wasimulizi, na chaonyesha adabu waliyotaka watu wakumbukwe nayo.

JUMBA LENYEWE

Stesheni iko upande wa kusini-magharibi ya Msikiti wa Mtume, mwendo wa miguu ambao haumchoshi mtu mwenye afya. Aende baada ya swala ya Alasiri, jua likiwa limepunguza ukali.

La kwanza linaloshika jicho ni rangi. Sisi wa pwani tumezoea jengo la heshima kuwa jeupe. Misikiti yetu na majumba ya mabwana wa Lamu na Siyu hujengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, hata ukiyatazama adhuhuri macho huuma. Jumba la Madina ni la mawe meusi, ya aina ile ile ya mawe ya harra, yaani nyanda za mawe yaliyoungua ambazo zimeuzunguka mji ule mashariki na magharibi. Msomaji aliyekaa darasani atakumbuka kwamba haram ya Madina imetajwa kuwa ni baina ya harra zake mbili. Basi stesheni ile imevaa nguo ya ardhi yake. Mtu akiambiwa kwamba imeota pale pale kama mti, aweza kusadiki.

La pili ni matao. Uso wa jumba umefunguliwa kwa matao yenye nguzo nene, na nyuma ya matao mna kivuli. Hapa mjenzi hakufanya mapambo matupu. Tao hubeba uzito wa ukuta bila ya boriti ndefu, na miti mirefu ni adimu katika nchi ile. Tena tao huacha upepo upite na hulizuia jua lisiingie ndani. Mtu wa Lamu aliyezoea daka na baraza ataifahamu hekima hiyo bila ya kufundishwa. Jumba halikushindana na minara kwa kimo. Limelala kwa urefu, kama linavyolala gari lenyewe juu ya vyuma.

La tatu, na kwetu sisi ndilo bora kuliko yote, ni misikiti. Kando ya stesheni uko Msikiti wa Anbariya, uliojengwa wakati ule ule wa reli kwa mawe yale yale meusi, wenye kuba na minara miwili. Tazama jinsi aliyepanga alivyomjua msafiri. Mtu aliyeketi ndani ya behewa siku tatu au nne, vumbi la jangwa limemjaa ndevuni, akiteremka jambo la kwanza atakalo ni maji na pahali pa kuswali, ndipo aulize habari za nyumba ya kufikia. Hapa haulizi. Aufuata mnara.

Na ndani ya ua wa stesheni umo msikiti mwingine, mdogo, wa kuba tatu, uitwao Msikiti wa Suqya. Inasimuliwa kwamba Mtume (S.A.W.) alipotoka kwenda Badri alisimama mahali hapo, akaswali, na akaiombea Madina baraka katika pishi na vibaba vyake. Msikiti huu umehifadhiwa mle mle, katikati ya mambo ya mvuke na chuma. Mkulima wa delta, ambaye maisha yake yote ni kupima mpunga kwa pishi na kibaba, akiambiwa dua ile iliombwa mahali pale, hataki tena kuelezwa kwa nini aliletwa huko.

Upande wa pili wa reli, huko Damascus, ilijengwa stesheni nyingine iliyomalizika mwaka 1913, kazi ya mchora ramani wa Kihispania aitwaye Fernando de Aranda. Ile ni ya mjini, yenye nakshi na dari ya mbao iliyopambwa. Ya Madina ni nzito na yenye haya zaidi. Kila moja yaujua mji wake.

GARI LIMEKWENDA, JUMBA LIMEBAKI

Sasa tufike penye huzuni. Reli iliyochukua miaka minane kujengwa iliufanyia mji wa Madina kazi yake sawasawa kwa muda usiozidi sana miaka kumi. Ilikusudiwa iendelee hadi Makka, nayo haikufika. Vita Vikuu vya Kwanza vikaja. Mwaka 1916 yalizuka maasi ya Waarabu dhidi ya dola ya Uthmaniya, na reli ikawa shabaha: madaraja yakalipuliwa na vyuma vikang'olewa. Kamanda wa Kituruki, Fakhri Pasha, aliishikilia Madina ndani ya mazingiwa hadi Januari 1919, miezi miwili na zaidi baada ya vita kwisha kwingineko. Baada ya hapo sehemu ya kusini ya reli haikupona tena, na mchanga ukaifunika pahali pengi.

Jumba lingeweza kuvunjwa, na ardhi ya Madina ina bei. Lakini lilisimama, na baadaye likatengenezwa na kugeuzwa makumbusho, pamoja na vichwa vya gari na mabehewa ya zamani. Mji uliobomoa mitaa mizima ili kuwapa nafasi mahujaji uliliacha jumba hili. Na mwaka 2018 Madina ilipata stesheni mpya, ya Reli ya Haramain, ambayo huunganisha Makka, Jiddah na Madina kwa njia ya kilomita 450, gari likienda kilomita 300 kwa saa. Stesheni hiyo mpya ilichorwa na Foster + Partners wa Uingereza, nao wakarudi kwenye matao, safu kwa safu, kana kwamba walikwenda kwanza kulitazama jumba la mawe meusi.

NA HUKU KWETU MOMBASA

Msafiri wa Kilelengwani akirudi hupitia Mombasa, na Mombasa nayo ina habari inayofanana na hiyo. Reli ya Uganda ilianza kutandikwa kisiwani mwaka 1896, miaka minne kabla ya amri ya Sultani, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Upana wa vyuma vyake ni mita moja kamili, na ule wa Hijazi ni mita moja na sentimita tano: tofauti ya vidole vitatu tu. Lakini nia zilikuwa mbali. Hii ya kwetu ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya dola yao. Vibarua zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India, Waislamu wengi miongoni mwao, na karibu 2,500 katika hao hawakurudi.

Hata hivyo watu walimtia Mungu ndani ya reli ile kwa njia zao wenyewe. Pale Mackinnon Road, kando ya vyuma, pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambaye husimuliwa kwamba alikuwa msimamizi katika ujenzi, na kwamba karai alilobebeshwa lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila ya kumgusa. Mpaka leo wenye magari husimama hapo, wakaswali rakaa mbili na kutia chochote katika sanduku. Mwingereza alijenga njia, na mcha Mungu aliyezikwa kando yake akaipa heshima ambayo haikuwa katika ramani.

Mwaka 2017 gari la abiria la reli ya zamani baina ya Mombasa na Nairobi lilisimamishwa, na reli mpya ikaanza, yenye stesheni kubwa huko Miritini. Jengo hilo ni la kutazamwa: mnara umesimama kati, na mapaa yamezunguka kama mawimbi yanayotoka pale lilipotupwa jiwe majini. Twalisifu bila ya choyo. Lakini twaomba watu wasiisahau stesheni kongwe ya kisiwani, huko mwisho wa barabara ya Haile Selassie. Kwa zaidi ya miaka mia moja reli hiyo ndiyo iliyokuwa mlango wa Mombasa kwa watu wa bara, na mlango wa bara kwa watu wa pwani. Hapo ndipo wazazi walipowaaga wana wao waliokwenda kutafuta kazi, na ndipo walipowapokea, au walipopokea habari zao. Madina yenye hekima yote iliyo nayo imetuonyesha kwamba jumba laweza kustaafu bila ya kuuawa.

STESHENI YETU NI KIVUKO

Tumebakiwa na lile neno tuliloliahidi. Watu huzungumza habari za reli itakayotoka Lamu kwenda Isiolo, tangu mradi wa bandari ya Lamu ulipozinduliwa Machi 2012. Gati la kwanza la bandari hiyo lilianza kazi mwaka 2021, lakini reli yenyewe haijajengwa. Ikija, na ije kwa heri. Mtu wa delta hapaswi kuketi akiingojea ndipo ajifunze kumjengea msafiri.

Nenda katika kivuko chochote cha Tana wakati wa jua kali. Utamkuta mama na mtoto mgongoni akingoja mtumbwi chini ya mwembe, kama mwembe upo. Utamkuta mzee akitafuta pahali pakavu pa kutandika msala. Hiyo ndiyo stesheni yetu, na haina hata tao moja. Haihitaji wahandisi wa Kijerumani. Yahitaji banda la makuti lililoinuliwa juu ya udongo ili mafuriko yasilichukue, benchi za mbao, pipa la maji safi, na upande mmoja uliofagiwa kwa swala.

Na fedha? Turejee kwenye ngozi za Idi. Katika delta yetu mkulima Mpokomo ana mpunga, na mfugaji Muorma ana ng'ombe. Wote wawili huelekea kibla kimoja, na wote wawili huchinja siku moja. Ngozi ya huyu na pishi ya yule, zikiwekwa mkononi mwa kamati moja ya wazee wa pande zote, hujenga banda ambalo hakuna atakayeweza kusema ni la kabila fulani. Wale waliochanga kwa ajili ya stesheni ya Madina hawakujuana. Mhindi hakumwona Mmisri wala Mturuki hakumwona Msham. Sisi twajuana kwa majina, na tumeshazikana. Basi tukishindwa kujenga kibanda kimoja pamoja, tutakuwa tumeshindwa na jambo jepesi.

Kwa hiyo, ewe ndugu utakayejaaliwa mwaka huu au mwakani, ukiwa Madina enda Bab al-Anbariya. Litazame jumba, ingia Msikiti wa Anbariya uswali, kisha muulize mwenyeji akuonyeshe ule wa Suqya wenye kuba tatu. Hapo iombee delta ya Tana baraka katika pishi na vibaba vyake. Na ukirudi, kabla ya kugawa tende na maji ya Zamzam, waite wazee wa kivukoni uwahadithie ulichokiona.